Pikipiki Iliyozama Ikiwaka Haijapona

Mvua za Machi hadi Mei, na tena za Septemba hadi Novemba, zikimwagika Kampala, mfereji wa Nsooba hushindwa kubeba maji na mtaa wa Bwaise wote hujaa maji. Kesho yake pikipiki zinaletwa gereji zikisukumwa. Nyingine zililala uani maji yakazifunika, nyingine wenyewe walilazimisha kuvuka. Na karibu kila anayesukuma ana maneno yale yale: "Fundi, nimeipiga kiki tangu alfajiri imekataa. Wewe iwashe tu, ikiwaka itajikausha." Nimeyasikia mno, na kila nikiyasikia najua injini ambayo jana ingeokolewa kwa oili na gasketi, leo huenda inataka krankishafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni.

"Ipige kiki mpaka iwake, joto litakausha maji"

Hili ndilo linaloua injini kuliko mafuriko yenyewe, kwa hiyo nitakaa nalo.

Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Injini ya cc 100 yenye mgandamizo wa 9 kwa 1, yaani hewa hubanwa hadi sehemu moja ya tisa, hubaki na nafasi ya kama cc 12 hivi pistoni inapofika juu kabisa. Maji ya kijiko kimoja cha mezani ni cc 15. Maana yake kijiko kimoja tu, kikiingia kupitia eya klina (chujio la hewa) na kabureta, kinatosha kuizuia pistoni isimalize safari yake. Ukipiga kiki kwa mguu, mara nyingi itagoma na mguu utakuambia. Shida ni yule anayeita vijana wawili waisukume ikiwa kwenye gia, kisha anaachia klachi ghafla. Hapo uzito wa pikipiki nzima unaisukuma pistoni dhidi ya maji, na kinachokubali kupinda ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krankishafti. Ndivyo inavyokuwa pia kwa anayevuka maji injini ikinguruma, ikavuta maji na kuzima kwa kishindo.

Konrodi iliyopinda kidogo haizuii injini kuwaka, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Itawaka, itabeba abiria, mwenyewe atasema imepona. Lakini pistoni sasa inapanda ikiwa imeinama, inalala upande mmoja wa silinda, ringi zinaliwa, na baada ya muda moshi unaanza. Mwenye pikipiki analaumu oili, au fundi, mvua imeshasahaulika. Ukifungua injini ya namna hiyo, itazame sketi ya pistoni, yaani ukuta wake wa chini ya ringi: utaona imeng'aa chini upande mmoja na juu upande wa pili. Alama hiyo ikiwepo, usinunue pistoni mpya ukaifunga kwenye konrodi ile ile, maana utaiua na hiyo.

Halafu kuna habari ya joto. Katika pikipiki zetu hizi, Boxer, TVS na jamaa zao, oili moja ndiyo inayolainisha krankishafti, gia na klachi. Maji yakichanganyika nayo, na gia zikaikoroga, inakuwa nzito ya rangi ya chai ya maziwa, na oili hiyo haiwezi tena kutenganisha chuma na chuma. Kila dakika unayoiendesha ili "ijikaushe" ni dakika ambayo beringi, kamshafti na pampu ya oili zinasagana bila ulinzi. Hata mvuke unaopanda hauondoki wote. Unagusa kifuniko cha pembeni chenye ubaridi, unageuka maji tena, unarudi chini.

Najua kinachowaharakisha. Pikipiki nyingi za bodaboda ni za mkopo, na marejesho hayangoji jua litoke. Ndiyo maana nasema fanya haya kabla ya kumtafuta fundi, ukiwa hapo hapo uani. Usigeuze swichi. Toa plagi. Fungua boliti ya kumwagia oili, na uiache imwagike yote, maji yatatangulia kwa sababu yako chini. Mwaga bakuli la kabureta. Mwaga na petroli ya tangi, kwa kuwa petroli huelea na maji hukaa chini kabisa, kwenye mdomo wa bomba la kwenda kabureta. Kisha, plagi ikiwa bado iko nje, sukuma kiki kwa mkono taratibu mpaka silinda iache kutema maji. Mwisho mimina oili safi kidogo kwenye tundu la plagi, sukuma kiki tena mara chache ili oili ipake ukuta wa silinda, rudisha plagi. Injini iliyofanyiwa hivyo inaweza kungoja. Ile iliyoachwa na maji ndani huanza kutu katika saa chache, kwanza kwenye ukuta wa silinda pale ringi ziliposimama.

"Injini ikifunguliwa haiwi ile tena"

Hii ni ya pili kwa kuniudhi. Kwa wauza pikipiki, injini "isiyofunguliwa" ina bei yake, basi mtu anaona afadhali aache matope ndani kuliko kufungua boliti. Ndugu yangu, kiwandani ilifungwa na mikono ya watu. Kinachoharibu ni namna ya kuifungua na kuifunga, na hilo unaweza kulifanya vizuri hata nyumbani ukiwa na meza safi, mwanga na subira.

Chora umbo la kifuniko kwenye kadibodi, toboa matundu, na kila boliti ichomeke mahali ilipotoka, kwa sababu hazilingani urefu. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa cheni ya taimingi. Magineti, lile gurudumu la sumaku kwenye ncha ya krankishafti, itolewe kwa pula yake, kifaa cha kuivutia nje. Nimeona zinazogongwa nyundo ncha ya krankishafti hadi nyuzi zikafutika, na pula ni kitu cha bei ndogo. Nusu mbili za ganda linaloshika krankishafti usizitenganishe kwa kuchomeka bisibisi katikati, kila mkwaruzo hapo ni njia ya oili kuvuja. Gongagonga kwa nyundo ya mpira, na ikikataa, tafuta boliti uliyoisahau.

Beringi za krankishafti zioshe kwa mafuta ya taa, zikauke, zizungushe kwa kidole. Zikikwaruza au ukaona vidoa vyeusi kwenye njia ya gololi, badilisha. Kutu iliyokwisha kuchimba gololi haisuguliwi ikaisha. Shika konrodi uivute juu na chini: isicheze hata kidogo. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida yake, wengi hubabaika na kutupa krankishafti nzima bure.

Gasketi ziwe mpya, oili sili (mipira inayozuia oili kuvuja) ziwe mpya, na klipu za pini ya pistoni ziwe mpya. Hayo matatu siyajadili na mtu.

Mengine ni mafupi.

Wanaosema dizeli ya kusuuzia inaweza kuachwa ndani injini ikazungushwa kidogo: hapana. Dizeli ioshe, imwagike, basi. Ni nyepesi mno kubeba mzigo wa beringi. Kwa kusuuza injini uliyokwisha kuimwaga maji lakini hukuifungua, tia oili ya bei nafuu, washa injini dakika moja au mbili bila mzigo, mwaga, rudia mpaka itoke bila weupe, ndipo utie ile nzuri.

Silikoni nyingi haizibi vizuri zaidi. Inayobaki ndani hukatika, inaenda kuziba chujio na tundu za oili. Palipoundwa kwa gasketi, weka gasketi.

Msasa hauondoi kutu ya silinda. Unaacha mabonde. Doa likishikika kwa ukucha, peleka silinda kwa wenye mashine wa Katwe, hapa Kampala, waichonge, ununue pistoni ya saizi inayofuata, kubwa kwa milimita 0.25 au 0.50, na uwapelekee pistoni hiyo mkononi waipime kabla hawajaanza kuchonga.

"Ni maji ya mvua tu, ni masafi." Ya Bwaise yamepita mitaro na vyoo. Ya mto Nyamwamba kule Kasese hushuka na mchanga wa milima ya Rwenzori. Mchanga kwenye oili husaga usiku na mchana, kwa hiyo injini iliyozama katika maji ya namna hiyo hata mimi siisuuzi tu. Naifungua.

Kuianika juani kunakausha kiti tu, si injini.

Wakati wa kufunga, ringi zikae herufi zilizochapwa juu yake zikitazama juu, na mianya ya ncha zake isipangwe mstari mmoja. Nati za kichwa cha silinda zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa raundi kadhaa. Boliti ndogo za kifuniko hazitaki nguvu za mwili, zinaingia kwenye alumini. Panga alama za taimingi, kisha zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa kiki. Ikigota mahali, simama ufungue. Rekebisha nafasi za valvu injini ikiwa baridi.

Ikiwaka, usipakie abiria wawili siku hiyo. Kilomita za mwanzo endesha bila kuibana, ukibadilisha mwendo mara kwa mara. Zikifika kama 300, mwaga oili ikiwa bado moto, uitazame kwenye mwanga. Ikiwa na weupe, au vimeta vya chuma vinavyonasa kwenye sumaku, irudishe mezani kabla hujaipeleka steji ya bodaboda.