Uzito Ukigoma Kushuka: Nini Maana ya Kukwama

Wanaopunguza mwili wana neno lao: "nimekwama." Wiki za mwanzo kilo zilikuwa zinashuka, nguo zinalegea, watu wanauliza siri ni nini. Kisha mizani ikasimama. Wiki ya tatu, ya nne, namba ni ileile, ilhali chakula hakijabadilika na mazoezi hayajaachwa. Hali hiyo ndiyo kukwama kwa uzito: mwili kuacha kupungua huku mwenyewe bado anajitahidi. Wengi wakifika hapo hujilaumu, hukata chakula mpaka wanashikwa na kizunguzungu, au huacha kabisa. Naumia kuona hivyo, kwa sababu kukwama kunaelezeka, na dawa yake mara nyingi ni kinyume cha ile wanayoikimbilia.

Kwanza hakikisha umekwama kweli. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushikamana na takriban gramu tatu za maji. Ukianza kula kidogo, akiba hiyo hutangulia kutumika na maji yake huondoka. Kwa hiyo kilo mbili tatu za mwanzo, kwa sehemu kubwa, ni maji. Mafuta yenyewe hutoka polepole: kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700, hivyo anayepunguza kalori 500 kila siku anahitaji zaidi ya wiki mbili kuimaliza. Na maji hayohayo yanaweza kurudi na kuficha kazi yote. Mazoezi mapya huvuta maji kwenye misuli inayouma, mlo wenye chumvi nyingi huyashikilia, na wanawake wengi hubeba maji zaidi siku zinazotangulia hedhi.

Ndiyo maana siiamini mizani peke yake. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Kiuno kikipungua huku kilo zimesimama, hujakwama.

Kama kiuno nacho hakijasogea kwa wiki tatu nne, basi tuingie kwenye hesabu. Mwili mkubwa hutumia nishati nyingi kuliko mdogo, hata ukiwa umelala. Ukitoka kilo 90 hadi 80, kuna kilo 10 ambazo huzipandishi tena ngazi wala huzilishi. Mtafiti wa Marekani Kevin Hall na wenzake walikadiria kwamba kila kilo inayopungua hushusha matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku. Zidisha kwa 10. Aliyeanza na upungufu wa kalori 500 sasa amebakiwa na 200 au 300 tu, na sahani yake haijaongezeka hata kijiko. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni mzito zaidi: hamu ya kula hupanda kwa kalori kama 100 kwa siku kwa kila kilo iliyoondoka. Seli za mafuta hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini nayo hushuka, na ubongo huanza kujihami kana kwamba njaa imeingia nchini.

Mwili pia hubana matumizi. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake walionyesha kwamba watu waliopunguza asilimia 10 ya uzito wao walitumia nishati kidogo kuliko ilivyotarajiwa hata kwa miili ya ukubwa wao mpya. Nusu karne kabla yake, kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikuwa amewapa wanaume 36 wa kujitolea takriban nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito. Lakini pia walisikia baridi, walikosa nguvu ya kujishughulisha, mawazo yao yote yakawa chakula, na miguu ikawavimba maji. Soma tena orodha hiyo, halafu mfikirie mtu aliyekwama anayeamua kuruka mlo mwingine. Atakaa zaidi, atatembea kidogo, atashika maji, na mizani haitamwambia lolote jema.

Kabla ya kugusa chochote, andika kila unachotia mdomoni kwa siku saba. Utafiti mmoja wa mwaka 1992 uliwachunguza watu 10 walioamini kwamba hawapungui hata wakila chini ya kalori 1,200 kwa siku. Miili yao ilikuwa inaunguza nishati kawaida. Walichokuwa wakila kilizidi sana walichoripoti, na mazoezi yao yalikuwa pungufu ya walivyodhani. Sisemi walidanganya. Mafuta ya kukaangia, kuonja sufuria, soda ya njiani, mabaki ya sahani ya mtoto: hivyo havikai kichwani, ila vinahesabiwa na mwili.

Baada ya hapo, panga upya sahani badala ya kuipunguza. Ongeza protini: mayai, samaki, nyama isiyo na mafuta, maharage, maziwa. Inashibisha, inalinda misuli, na robo hivi ya kalori zake hutumika katika kuimeng'enya yenyewe. Gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni kiwango kizuri kwa anayepungua, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima aongozwe na daktari wake. Mboga zijaze nusu ya sahani.

Kwenye mazoezi kosa ninaloliona sana ni kuongeza kukimbia tu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayorukwa, na ndiyo mwili unaopungua unaihitaji zaidi: kunyanyua vyuma, pushapu, kuchuchumaa na kuinuka. Misuli isipotumika, mwili unaopewa chakula kidogo huila. Na siku isiyo ya mazoezi isiwe siku ya kochi. Tembea, fanya kazi za nyumbani, simama unapopokea simu.

Usingizi ningeuweka juu ya vyote, maana ndio unaodharauliwa. Mwaka 2010 watafiti waliwaweka watu 10 wenye uzito uliozidi kwenye mlo uleule wa kupungua kwa siku 14, mara moja wakipewa saa 8.5 kitandani na mara nyingine saa 5.5. Kilo zilizopotea zilikaribiana. Lakini walipolala vya kutosha walipoteza mafuta kilo 1.4, waliponyimwa usingizi, kilo 0.6 tu, na sehemu kubwa ya kilichoondoka haikuwa mafuta. Chakula kilekile, watu walewale. Anayeamka saa kumi usiku kwenda kukimbia baada ya kulala kwa muda wa saa nne tu anaweza kuwa anaunguza kile anachopaswa kukilinda.

Kwa aliyebana mlo miezi mingi mfululizo, mimi huunga mkono mapumziko ya wiki moja au mbili ya kula kiasi cha kudumisha uzito, bila kufakamia, kisha kuendelea. Mabadiliko yoyote yape wiki nne kabla ya kuyahukumu. Pima pia kama bado una haja ya kupungua: kiuno kilicho chini ya nusu ya urefu wako ni dalili nzuri, na huenda kazi iliyobaki ni kutunza tu.

Zipo hali ambazo kukaza mlo si jibu kabisa. Hedhi ikikatika, nywele zikianza kunyonyoka, ukichoka na kusikia baridi wakati wote, ukiwa mjamzito au unanyonyesha, ukitumia insulini, steroidi au dawa za sonona, zungumza na daktari kwanza, naye akiona haja apime tezi ya shingo. Dawa usiiache mwenyewe kwa sababu ya mizani.