Una grini kadi halafu unasema SB 1070, sheria ya uhamiaji ya jimbo la Arizona, haikuhusu?

Kila nikikaa na Waswahili wenzangu hapa Phoenix lazima mmoja aniambie, "Wakili, ile sheria ni ya wasio na makaratasi, mimi nina grini kadi, inanihusu nini?" Mwingine anadakia kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaifuta. Jamani, yote mawili sio kweli.

SB 1070 ilisainiwa na gavana Jan Brewer Aprili 2010. Mwaka 2012 Mahakama hiyo ikafuta vifungu vitatu tu, kikiwemo cha kumshtaki mtu kwa kutafuta kazi bila kibali, manake uhamiaji ni wa serikali kuu, sio wa jimbo. Kifungu 2(B) kikabaki, na hicho ndicho chenyewe: polisi akishakusimamisha kwa kosa lingine, labda taa ya nyuma imeungua, akawa na shaka yenye msingi kwamba uko nchini kinyume cha sheria, anatakiwa aulizie hadhi yako ya uhamiaji.

Sasa hiyo shaka anaitoa wapi? Anachoona ni rangi, anachosikia ni lafudhi, grini kadi yako bado iko kwenye pochi, kwa hiyo shaka inakufikia kabla makaratasi hayajatoka. Leseni ya udereva ya Arizona inakukinga, ila abiria je, ambaye halazimiki kuwa na leseni? Kesi ya Melendres ni hiyo hiyo: mtalii wa Mexico, viza halali kabisa, abiria tu mwaka 2007 gari liliposimamishwa na askari wa sherifu wa kaunti ya Maricopa, hii yenye Phoenix, dereva mzungu akaachiwa, yeye akashikiliwa masaa. 2013 jaji akaamua ofisi ile ya sherifu ilikuwa inawabagua Walatino.

Kinachoniumiza zaidi: tangu 1975 Mahakama ya Juu inasema sura peke yake haitoshi kumsimamisha mtu, lakini inaweza kuwa sababu mojawapo. Askari akishataja sababu nyingine mbili tatu, nitathibitishaje sura ilichangia kiasi gani? Mara nyingi siwezi. Hata kukaa kimya ni haki yako, ila siwezi kumwahidi mama mwenye watoto ndani ya gari kwamba akikaa kimya ataachiwa mapema.

Kwa hiyo grini kadi tembea nayo, sheria inakutaka hivyo ukiwa na miaka 18 na kuendelea, raia yeye hadaiwi. Na andika saa uliyosimamishwa na saa uliyoachiwa, manake tangu 2015 polisi haruhusiwi kukuweka barabarani kupita muda wa kosa la trafiki kama hana shaka nyingine yenye msingi, na hizo dakika za ziada ndizo nitakazokwenda nazo kwa jaji.