Bibi naye ni familia

Katika makundi ya mtandaoni ya Mbeya na Iringa huzunguka ujumbe unaodai kwamba sosholojia huitambua familia ya baba, mama na watoto tu, hivyo mtoto anayelelewa na bibi hana familia. Sivyo. Mtazamo wa uamilifu, unaotazama kila sehemu ya jamii kwa kazi inayoifanya, huuliza nani anamlea na kumfunza mtoto, na ule wa mgogoro, unaotazama watu wanavyogombea mali na mamlaka, huuliza nani anarithi shamba na nani anabaki na jembe. Hakuna unaomfuta bibi. Mkanganyiko, nadhani, hutokana na baadhi ya wanauamilifu wa karne ya 20 walioona familia ndogo, ya wazazi na watoto wao tu, inaifaa zaidi jamii ya viwanda, dai lililopingwa sana. Fungua vitabu vya utangulizi wa sosholojia, aghalabu utaikuta familia pana, yaani yenye bibi, babu na ndugu wengine. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.