Kumjua na kumheshimu Mungu kwa majina yake: maana yake nini?

Katika Biblia, jina la Mungu hubeba tabia yake na matendo yake. Kumjua kwa majina yake, basi, ni kujifunza yeye ni nani kupitia yale aliyowatendea watu, kisha kumtegemea kwa hayo. Zaburi 9:10 inayaweka mambo hayo mawili pamoja: wanaolijua jina lake ndio wanaomtumaini. Mtu anaweza kukariri majina ya Kiebrania kama Elohimu (Mungu), Adonai (Bwana) na El-Shadai (Mungu Mwenyezi) na bado asifike hapo.

Baadhi ya majina ya Mungu katika Biblia yalizaliwa penye shida. Mtazame Hajiri katika Mwanzo 16. Ni mjakazi wa Kimisri, ana mimba, amekimbia mateso ya bibi yake Sarai, na sasa yuko kando ya chemchemi jangwani. Malaika wa Bwana anamwita kwa jina lake, jambo ambalo Abramu na Sarai hawalifanyi katika sura hiyo. Wao humtaja kama "mjakazi" tu. Hapo ndipo mwanamke huyu asiye na cheo chochote anampa Mungu jina: "Wewe, Mungu uonaye mimi." Wala shida yake haikuwa imekwisha, maana aliambiwa arudi kwa bibi yuleyule.

Gideoni naye, aliyeitwa na Mungu kuwaokoa Waisraeli, alijenga madhabahu akaiita Yehova-shalomu, yaani Bwana ni amani, huku Wamidiani wakiwa bado wanaionea nchi na vita haijapiganwa (Waamuzi 6:24). Kwa hiyo anayemwita Mungu kwa jina kama hilo hasemi kwamba mambo yameshatengemaa. Anamshikilia Mungu kwa vile alivyo.

Kwa Musa, Mungu alijitambulisha mwenyewe: "MIMI NIKO AMBAYE NIKO" (Kutoka 3:14). Wakristo huamini kwamba huyo huyo amejifunua kwa ukamilifu katika Yesu, anayeitwa pia Imanueli, Mungu pamoja nasi.

Na heshima je? Amri ya Kutoka 20:7, ya kutolitaja bure jina la Bwana, wengi huiona kama katazo la kuapa ovyo tu. Naiona pana zaidi. Anayesema "Bwana ameniambia" ili apitishe matakwa yake mwenyewe ameivunja, hata kama ameyasema hayo madhabahuni kwa sauti ya unyenyekevu. Jina la Mungu si hirizi pia. Wana saba wa Skewa, mkuu wa makuhani wa Kiyahudi, walilitaja jina la Yesu juu ya mtu mwenye pepo bila kuwa wafuasi wake, wakatoka mbio wakiwa uchi na wamejeruhiwa (Matendo 19).

Heshima hiyo huonekana zaidi katika sala. Yesu alipowafundisha wanafunzi wake kuomba, katika Mathayo 6, aliwapa jina la karibu kabisa, Baba, na ombi la kwanza likawa "Jina lako litukuzwe", kabla ya riziki na kabla ya msamaha.