Kuchunga ulimi si kunyamaza

Wengi wakiambiwa "chunga ulimi wako" hudhani wanatakiwa wanyamaze, au wapake kila neno asali. Sivyo. Methali inasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, haijasema usitembee.

Mtoto amemwaga maji mezani. Mmoja anafoka, "Mzembe wewe, kila siku hivyo hivyo!" Mwingine anasema, "Umemwaga maji, lete kitambaa ufute." Wa kwanza hujiita mkweli, asiyeficha neno. Lakini ameongopa, maana si kila siku. Wa pili ametaja kosa na dawa yake. Wa kwanza amempachika mtoto jina, na jina hung'ang'ania.

Kimya nacho (mwenzako anasubiri jibu, wewe macho kwenye simu) huumiza vilevile.