Rola Ngumu Zaidi Si Lazima Idumu Zaidi

Malalamiko yanayotufikia sisi watengenezaji kuhusu rola za kazi (mitaimbo ya mviringo inayogusa na kubinya bati moja kwa moja) zinazomeguka mapema katika vinu vya kubinya chuma baridi yameongezeka, na karibu kila barua inaishia na ombi lilelile: tutengenezewe rola ngumu zaidi. Hasara iliyo nyuma ya ombi hilo tunaielewa. Lakini ugumu peke yake si uimara, na hili tumelieleza mara nyingi.

Rola hizi hufuliwa kwa chuma chenye kaboni ya kama asilimia 0.8 hadi 0.9. Kromiamu, metali inayochanganywa humo, ambayo zamani ilikuwa karibu asilimia 2, imepandishwa hadi 3, kisha 5 na kuendelea, ili ugumu uzame ndani na rola isagwe, yaani uso wake ukwanguliwe kwa mashine, mara nyingi kabla tabaka gumu halijaisha. Chuma kikiyeyushwa upya chini ya slagi, tabaka la madini yaliyoyeyuka linalonasa takataka, hupungua uchafu, na nyufa nyingi za ndani huanzia kwenye uchafu huo. Kazi ya kuboresha rola iko hapo. Ukizidisha ugumu tu, utapata rola isiyokwaruzika lakini inayopasuka siku bati linapokatika kinuni.

Siku hiyo ndiyo ya kuangaliwa. Bati likikatika au kuteleza, uso wa rola hupata joto kali ghafla na sehemu iliyoungua hulainika, au huwa ngumu upya na kuvunjika kama kioo. Ufa wake mara nyingi hauonekani kwa macho. Hutambaa chini ya uso, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka pande zima libanduke.

Kwa hiyo rola iliyopata ajali itolewe, ipoe taratibu, isagwe, ipimwe kwa mkondo wa edi (kipimo cha umeme kinachogundua nyufa za karibu na uso), isagwe tena mpaka kipimo kisionyeshe ufa, halafu ipimwe kwa mawimbi ya sauti, yanayotafuta nyufa za ndani zaidi, ndipo irudi kazini. Kila usagaji uandikwe: namba ya rola, tarehe, kipenyo kabla na baada, jina la aliyepima. Dai la fidia lisilo na kumbukumbu hizo hatulipokei, hata kama rola ni mpya. Anayesaga kidogo ili kubana matumizi huacha ufa ndani, kisha hutuandikia kwamba chuma kilikuwa kibovu.

Wapo pia wanaotaka kila rola ipakwe kromiamu ngumu. Mpako huo husaidia uso kutunza ukwaru wake, ila hauponyi ufa, na kromiamu ya valensi sita inayotumika kuupaka husababisha saratani kwa wafanyakazi wasiokingwa. Rola yenye ufa isipelekwe kupakwa.