Je, wajua kwa nini uwanja wa nyumba hugeuka bakuli?

Pita Isevya au Ng'ambo mjini Tabora asubuhi baada ya mvua ya Januari. Utakuta nyumba mbili zilizopakana: moja uwanja umekauka, nyingine watu wamepangiwa matofali ya kukanyaga hadi mlangoni. Mvua ni ileile, udongo uleule.

Mshukiwa wa kwanza ni ufagio. Uwanja unafagiwa kila siku, na kila siku mchanga kidogo unasukumwa pembeni, kwenye ua. Baada ya miaka 20 katikati pamebonyea, pembeni pameinuka. (Simwambii mtu aache kufagia, bibi yangu angenikana.) Wa pili ni bati lisilo na gata: matone huchimba kijifereji palepale chini ya ukuta. Na kama fundi hakushindilia udongo aliojazia kando ya msingi, nao hutitia taratibu, maji yakapata pa kukimbilia.

Na si maji haba. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 30, hizo ni lita 3,000: ndoo kubwa 150 zinamwagwa miguuni pa nyumba.

Wengi wetu tunaagiza tripu ya kifusi na kuimwaga kwenye dimbwi. Dimbwi linahama tu, na mara nyingine linasogea ukutani, maana Tabora ni tambarare na jicho linadanganya. Kwa mjomba wangu kila mtu aliapa kuwa uwanja unateremkia getini. Tukachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tukaujaza maji na kutoa mapovu yote, la sivyo kipimo kinakuwa cha uongo. Ncha moja ukutani, nyingine kwenye kigingi umbali wa mita 3. Maji yakitulia, yanakuwa usawa mmoja pande zote mbili. Tukapima kutoka hapo hadi chini: ukutani sentimita 60, kwenye kigingi 54. Ardhi ilikuwa inapanda sentimita 6! Mjomba alirudia kupima mwenyewe, mara mbili.

Kinachotakiwa ni ardhi ishuke kama sentimita 15 ndani ya zile mita 3 za kwanza. Mbele ya hapo sentimita 1 au 2 kwa kila mita zinatosha. Tulikuwa na sentimita 21 za kurekebisha. Ukutani tulipandisha 5 tu, kwa udongo wa kichuguu uliolowanishwa kidogo na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kwani mchanga mtupu hupitisha maji hadi msingini. Zile 16 tulichimba upande wa kigingi. Kupandisha zaidi ukutani kungefikisha udongo kwenye tofali juu ya msingi. Hapo unyevu hupanda na plasta hubanduka.

Maji tuliyaelekeza kwenye migomba, si kwa jirani; kesi za maji ya mvua mwenyekiti wa mtaa anazo za kutosha.

Na ule mchanga wa ufagio? Kila Jumamosi unazolewa pembeni kwa koleo na kurudishwa ulikotoka.